Mkono Uliokataa Kupoa

Usinikunjie pua. Sijafungua mdomo, na wewe umeshanitilia shaka. Nimekuona, Mwanamvua. Umelala hapo, mguu juu ya mito miwili kama bibi harusi wa siku ya saba, unasema moyoni: bibi huyu wa darasa la nne atanieleza nini mimi ninayejua karate? Haya, usiamini. Kuku naye haamini kisu, na pilau linapikwa vilevile.

Na nyinyi mliobanana mlangoni, ama ingieni ama tokeni. Mnanizibia upepo.

Paukwa!

— Pakawa!

Mmekula nyinyi, au mmelamba sahani? Paukwa!

— Pakawa!

Hapo sawa.

Hapo zamani, zamani hata bibi yangu mimi hajaota jino la kwanza, palikuwa na kijiji. Jina lake siwaambii, maana wajukuu wao wapo na wana midomo. Kijiji kilikuwa na mpunga, kilikuwa na mbu, na kilikuwa na mchezo wa fimbo. Mpunga waliula, mbu waliwala wao, na fimbo waliicheza.

Zumari inalia, tiii-riii! Ngoma inajibu, ndu! ndu! Wawili wanaingia uwanjani. Wanazungukana, wanachezesha mabega, wanatupiana macho. Kisha, kwa! Fimbo kwa fimbo. Kwa! Kwa! Atakayeguswa kichwani kashindwa, anatoka, anaingia mwingine. Haukuwa ugomvi. Mwenye kupiga kwa hasira alitolewa nje, na wanawake wakamzomea mpaka akatamani ardhi immeze, na ardhi nayo ikamkataa.

Katika kijiji hicho walikuwapo vijana wawili, Vuai na Faki. Walizaliwa mwezi mmoja, wakatahiriwa siku moja, wakalia sauti moja. Wakiingia uwanjani wawili hao, hata wagonjwa walibebwa kuja kutazama. Vuai alikuwa mwepesi kama panzi. Faki alikuwa na mkono mzito kama mchi.

Siku moja wanacheza. Kwa! Kwa! Faki akashusha, Vuai akakinga. Lakini mguu wake ulikanyaga ganda la embe. Sijui nani alilitupa, na aliyelitupa mpaka leo hajajitaja. Vuai akayumba, fimbo ikapita, ikatua juu ya mkono.

Kacha!

Si kwa. Kacha. Kama kuti kavu linapokanyagwa.

Zumari ikanyamaza. Fundi wa mifupa akaitwa, akauvuta mkono, akaunyoosha, akaufunga gango la vijiti na vitambaa. Vuai akapiga ukelele uliowafukuza kunguru kijiji kizima. Fundi akasema, "Miezi mitatu." Akala, akaondoka.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye hadithi. Kijiji kile kilikuwa na desturi. Ukimvunja mwenzio uwanjani, fimbo yako unaipandisha juu ya uchaga, pale pa moshi, na huigusi tena. Kila ukikutana naye unamwambia, "Pole." Akikujibu "Ahsante," basi bado, fimbo inabaki juu. Siku atakapokujibu "Nishapoa," ndiyo unaishusha, na yeye anaishika yake, na mnaingia uwanjani nyote wawili. Hakuna mzee wa kukufungulia. Hakuna sadaka. Ni neno lake tu, na kwa kinywa chake.

Desturi nzuri? Nzuri. Ila walioitunga walisahau kitu kimoja. Hawakujua kwamba pole ni tamu.

Eh! Vuai alikuwa hajawahi kupolewa maishani mwake. Sasa anapita njiani na gango lake: "Pole, Vuai." "Ahsante." "Pole, baba, kaa hapa ule uji." "Ahsante." "Pole, mwanangu, chukua na hiki kipande cha samaki." "Ahsante, mama." Uji wa asubuhi kwa jirani, uji wa mchana kwa shangazi, uji wa jioni kwa mama yake, nao wa nazi. Shavu likatoka. Kidevu kikapata mwenzake.

Miezi mitatu ikapita. Gango likafunguliwa. Mkono ukatoka mzima, umenyooka kama mstari wa daftari. Faki akaja mbio.

"Pole, ndugu yangu."

"Ahsante."

Mwezi wa nne.

"Pole, ndugu yangu."

"Ahsante. Bado unanivutavuta."

Mwezi wa sita. Mwezi wa tisa. Mwaka! Faki anasema pole, Vuai anasema ahsante, na fimbo ya Faki iko juu ya uchaga inavuta moshi pamoja na samaki.

Na ule mkono ukapata kazi. Vuai alisema, "Mkono ukinivuta hivi, mvua ipo. Ukitulia, jua." Watu wakaanza kuja kuuliza. "Vuai, mkono unasemaje? Nianike mpunga?" Naye anafumba macho, anaupapasa, anasema, "Mkono umesema anika." Katika mara kumi alipata tatu. Jogoo mlevi angepata nne. Lakini watu walipenda kuuliza, na waliokuja kuuliza walikuja na ndizi.

Nani amecheka? Wewe hujawahi kula ndizi za bure? Nyamaza.

Faki alikuwa na mchumba, Mchanga binti Ussi. Na kwa desturi yao bwana harusi huingia kwa mkwewe akiitangulia ngoma, fimbo mkononi, anacheza. Asiye na fimbo hapokewi. Mzee Ussi akangoja mwaka. Akangoja mwaka na nusu. Akamwita Faki.

"Mwanangu, nakupenda. Lakini binti yangu si mpunga, nimweke ghalani. Mavuno haya, mpunga ukiingia ndani na wewe huna fimbo, nitampa yule muuza chumvi."

"Muuza chumvi ana pumu, baba."

"Ana pumu, na fimbo anayo."

Mchanga alikuwa nyuma ya mlango. Akasema kwa sauti, maana hakuwa mtoto wa kunong'ona, "Faki, mwambie huyo Vuai kwamba nikiolewa na mtu wa pumu, nitakuja kulala kwake na kukohoa mimi!"

Faki akaenda kwa Vuai. Akamkuta anakula.

"Pole, ndugu yangu," akasema.

Vuai akamtazama Faki. Akatazama bakuli. Akatazama mkono. Akaliweka tonge chini. Lakini akasema, "Ahsante."

Msimwite mvivu. Ngojeni. Hata mimi nilimwita mvivu nilipoisikia hadithi hii mara ya kwanza, nikapigwa kofi la kisogo na aliyekuwa akisimulia.

Basi, palikuwa na kikongwe mmoja. Bi Mize. Mdogo kama kinu, na mgumu kama mchi wake. Kazi yake makumbi ya nazi. Anayafukia kwenye tope la pwani, yanakaa miezi yanaoza, anayafukua, anayapiga kwa gongo, pwa! pwa! pwa! mpaka yanaachia usumba, zile nyuzi zake, na usumba anausokota kamba. Harufu ya makumbi yaliyooza, wanangu, inaweza kumfufua maiti, akaomba azikwe upya. Bi Mize aliibeba harufu hiyo mwilini kama wengine wanavyojifukiza udi. Akiingia msibani, waliokuwa wakilia kwa uongo walilia kweli.

Watu leo wanamkumbuka kwa hekima. Mimi nawaambia, siku ile hakutoka kwake kwa ajili ya hekima. Alitoka kwa ajili ya usumba.

Alikuwa amepiga makumbi siku kumi na mbili. Usumba umejaa ua mzima, mweupe, safi, unangoja kukauka. Akapita kwa Vuai.

"Mkono unasemaje?"

Vuai akafumba macho. "Mkono umetulia, Bibi. Jua tupu."

Akauanika. Akaenda zake kuokota kuni. Adhuhuri haijaingia, mbingu ikaguna. Shwaaaa! Mvua ikashuka kama imesukumwa. Maji yakaingia uani, yakauzoa usumba wote, yakaupeleka mtoni, mto ukaupeleka unakokujua wenyewe. Siku kumi na mbili!

Bi Mize hakulia. Alikamua kanga yake, akaenda kwa Vuai akiwa analowana. Akamkuta barazani na watu wanne wenye ndizi.

"Mkono, hujambo?" akasema.

Vuai akacheka kidogo. "Hatujambo, Bibi. Shikamoo."

"Sikukusalimu wewe. Nazungumza na mkono. Mkono, umenilowesha. Umenipotezea siku kumi na mbili. Kesho asubuhi uje pwani kunilipia kazi yangu. Kumi na mbili umenipotezea, kumi na mbili utanipigia."

"Bibi, mkono huu mgonjwa."

"Mgonjwa ana haki ya kunyamaza. Huu ulisema. Kesho asubuhi. Na wewe mwenyewe ukitaka kuusindikiza, njoo. Usipotaka, ukate uniletee."

Wale watu wanne wakacheka mpaka ndizi zikaanguka. Vuai akaona akibaki nyumbani kijiji kitamcheka mwaka mzima. Akaenda.

Alimkuta Bi Mize amekaa juu ya gogo, miguu kwenye tope, kilima cha makumbi mbele yake. Alimwonyesha pa kukaa. Hakumpa gongo. Akaanza kupiga mwenyewe.

Pwa!

Vuai akafumba macho, shingo ikaingia ndani kama kobe.

Pwa!

Macho tena. Shingo tena.

Pwa! Pwa!

Bi Mize akaacha kupiga. Akamtazama kwa jicho lake moja zima. Lile jingine lilikuwa la kutolea machozi tu.

"Mkono umeuma?"

"Umeuma, Bibi."

"Nimepiga kumbi. Sikupiga mkono. Umeuma wapi?"

Vuai akaupapasa mkono.

Pwa! Akaruka.

"Umeuma wapi, we Vuai?"

Kijana akaangalia tope. Pale hapakuwa na shangazi, hapakuwa na uji. Palikuwa na harufu na kikongwe. Akasema lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Ule mlio, Bibi. Kitu kikigonga kitu nausikia. Mama akipasua kuni nausikia. Kacha.  Faki akija na pole yake, nataka kumjibu. Wallahi nataka. Neno liko hapa, kooni. Lakini nikilisema, nitaingia uwanjani. Na nikiingia, zumari ikilia, nitakimbia. Mbele ya watu wote nitakimbia, Bibi. Bora wanione mgonjwa kuliko wanione nakimbia."

Sasa hapa mtu mwingine angemkumbatia. Angemwambia, usijali, mwanangu, yatapita. Bi Mize alipenga kamasi, akafutia kwenye kumbi.

"Kumbe," akasema. "Mkono ulipona zamani. Kilichovunjika ni sikio."

"Sikio?"

"Sikio. Na sikio halifungwi gango."

"Sasa linatibiwaje, Bibi?"

"Nitajuaje? Mimi napiga makumbi. Shika gongo, unanichelewesha."

Vuai akashika gongo. Akaliinua. Pwa! Akafumba macho, gongo likamponyoka likaanguka kwenye tope. Akaliokota. Pwa! Likaanguka. Akaliokota. Siku ya kwanza alipiga mara saba, akaenda nyumbani ananuka, na kwa mara ya kwanza katika mwaka na nusu hakuna aliyemkaribisha uji. Nani angekaa na harufu ile?

Siku ya pili, pwa! Akafumba macho. Mara ishirini.

Siku ya tatu, pwa! Akafumba macho. Mara arobaini.

Siku ya nne akaja anatabasamu. Ameelewa! Usiku kucha alikuwa akifikiri, na ameelewa.

"Bibi, nimekufahamu. Unanifundisha kwa siri. Hili pigo la kushusha ndilo pigo la bega la kulia. Na hivi ninavyogeuza kiwiko ndiyo kinga ya chini!" Akaruka, akazunguka, akalishushia kumbi pigo la ajabu, na kumbi likapasuka vipande vitatu.

Bi Mize akachukua gongo lake, akamgonga nalo gotini, taratibu, kama anayebisha hodi.

"Hilo ni kumbi. Jina lake kumbi, na kazi yake usumba. Ukilipiga hivyo nyuzi zinakatika, na kamba yangu itamwangusha mtu mnazini. Piga kama watu."

Akapiga kama watu. Pwa, pwa, pwa. Siku ya tano. Siku ya sita. Akafumba macho, akapiga. Akafumba macho, akapiga. Kidevu cha pili kikaanza kumuaga. Bega likaamka. Siku ya nane akaweka gongo chini akauliza.

"Bibi, nimepiga mpaka mkono umeota sugu. Na bado nashtuka. Lini nitaacha kushtuka?"

"Nani kakwambia utaacha?"

"Sasa faida iko wapi?"

Bi Mize akainyoosha mikono yake. Ilikuwa imekunjamana na imepinda, vidole kama tangawizi.

"Mimi nimepiga makumbi tangu sijavunja ungo. Kila siku nikikaa hapa, pigo la kwanza linanishtua. Kila siku, Vuai. Leo limenishtua, hukuona? Hukuona kwa sababu ulikuwa umefumba macho yako mwenyewe. Mwanzo nilidhani nina jini. Baadaye nikazoea kuliachia lile la kwanza liende na mshtuko wake. La kwanza ni la kushtuka. La pili ndilo langu."

Akapiga. Pwa! Na kweli, safari hii Vuai alitazama, akaona kope za kikongwe zikicheza. Halafu, pwa! Kope zimetulia kama mlango uliofungwa.

Vuai akainama. Akaokota gongo. La kwanza, pwa! Akafumba. La pili, pwa! Jicho moja wazi. Hakulifurahia, lakini lilikuwa wazi.

Siku kumi na mbili zikaisha. Bi Mize akapata usumba wake. Hakumshukuru, deni halishukuriwi. Akamwambia, "Mkono nenda zako. Na ukisema tena habari ya mvua, nitakukata mwenyewe."

Mnadhani imekwisha? Mngependa. Mnataka kulala.

Vuai akarudi kijijini na bega lake jipya. Njiani akakutana na Faki. Faki amekonda, shingo kama ya kuku wa kienyeji, maana mpunga umeshakuwa wa dhahabu na wavunaji wamenoa visu.

"Pole, ndugu yangu."

Neno likaja. Likafika kwenye meno. Na kwa mbali, jirani alikuwa anapasua kuni. Kacha!

"Ahsante," akasema Vuai, akapita haraka.

Bi Mize alikuwa nyuma yao na mzigo wake. Akasikia. Akatema mate. Akasema peke yake, "Ala! Nimelitibu sikio, kumbe mdomo nao mgonjwa."

Siku ya kuingiza mpunga ikafika. Kijiji kizima kiko uwanjani. Wanaume wanabeba, wanawake wanapepeta, Mzee Ussi amekaa mlangoni mwa ghala lake anatazama, na muuza chumvi yuko pembeni, amevaa kofia mpya, anakohoa kwa adabu. Limebaki fungu la mwisho. Likishaingia hilo, neno la Mzee Ussi limetimia.

Vuai naye alikuwapo, amebeba mzigo kichwani. Bi Mize akaja akasimama mbele yake.

"Pole, Vuai."

"Ahsante, Bibi."

"Pole kwa kubeba mpunga."

"Ahsante."

"Pole kwa kutua mzigo."

"Ahsante, Bibi."

Akageuka kushoto, Bi Mize kushoto. Akageuka kulia, Bi Mize kulia.

"Pole kwa kugeuka."

"Ahsante."

"Pole kwa kuhema."

Wanawake wakaacha kupepeta. Wakatazamana. Wanawake wa kijiji kile hawakuhitaji kuelezwa jambo mara mbili. Shangazi yake, yule yule wa uji wa mchana, akasogea.

"Pole kwa pua yako, mwanangu. Naona imekukaa usoni muda mrefu."

"Ahsan... Shangazi!"

"Pole kwa masikio, yamekuwa mawili!"

"Pole kwa kusimama!"

"Pole kwa kivuli chako, kimekanyagwa!"

"Pole kwa chakula utakachokula kesho, kitakuchosha kutafuna!"

Na Mchanga binti Ussi, sauti yake juu ya wote, "Pole kwa kupolewa, ewe mpolewa!"

Pole huku, pole kule. Pole, pole, pole, pole, kama vifaranga vimeingia sakafuni. Vuai akaziba masikio. Uso ukamwiva. Ile pole aliyoila mwaka na nusu kama asali, leo ikamtokea puani. Akapiga kelele.

"Nishapoa! Nyie, nishapoa! Nishapoa!"

Pole zikakatika. Hata muuza chumvi aliacha kukohoa.

Bi Mize akakuna kichwa. "Wanielezea mimi? Mimi ndiye niliyekuvunja?"

Watu wakapasuka katikati, wakaacha njia. Mwisho wa njia alikuwa amesimama Faki, na lile fungu la mwisho la mpunga begani. Hajalitua. Hakuthubutu kusogea. Akasema, polepole, kama mtu anayebisha hodi nyumba aliyokwisha kufukuzwa:

"Pole, ndugu yangu."

Hapo hapakuwa na hila tena. Angeweza kusema ahsante. Neno lilikuwa lake, kwa kinywa chake, hakuna wa kumvuta ulimi.   Akamtazama Faki. Akaona shingo ile ya kuku. Nadhani ndiyo siku ya kwanza aliyoiona, maana mtu anayepolewa huwa hatazami shingo za wengine.

"Naogopa," akasema Vuai. "Naogopa mpaka leo. Lakini nishapoa."

Faki akatupa mpunga chini, akakimbia nyumbani kushusha fimbo. Alilia njia nzima, kamasi na vumbi. Sitasimulia kamasi za mwanamume mzima.

Zumari, tiii-riii! Ngoma, ndu! ndu! Wakaingia. Fimbo ya Faki nyeusi kwa moshi, inanuka samaki. Wakazungukana. Kwa!

Vuai akafumba macho. Watu wote waliona. Shingo ikaingia, mguu mmoja ukarudi nyuma, na ule mguu wa pili ukainuka ufuate. 

"La pili!" kikapiga kelele kikongwe. "La pili ni lako, kobe wewe!"

Mguu ukashuka. Kwa! Macho wazi. Kwa! Kwa! Kwa! Wakacheza mpaka jua likachoka kuwatazama.

Mnataka niseme Vuai alishinda. Hakushinda. Mwaka na nusu wa uji utaushindaje kwa siku kumi na mbili za makumbi? Faki alimgusa kichwani, ko! Nundu ikatoka kama limau. Na Vuai akacheka, akashika nundu yake. Mtu wa kwanza kumwambia pole alijibiwa kabla hajamaliza: "Nishapoa!" Kesho yake asubuhi, kabla ya uji, alikuwa uwanjani peke yake, anapiga kwenye kigogo. La kwanza anashtuka. La pili anapiga.

Faki alioa. Siku ya harusi mvua iliwanyeshea wote mpaka ndani ya viatu, maana mkono ulikuwa umeacha kusema.

Bi Mize akafa siku zake zilipofika. Walimwosha mara tatu, harufu ikabaki. Lakini katika kijiji kile, mpaka leo, wawili wakiingia uwanjani, kila mmoja kwanza anapiga fimbo yake chini, pa! Na wote wanaruhusiwa kushtuka, hakuna anayecheka. Pigo hilo linaitwa la Bibi. La pili ndilo la mchezo.

Haya. Maana yake hata mbuzi ameshaipata, lakini nitaisema kwa ajili ya wale wa mlangoni. Mfupa ukipona, mwenyewe anaweza kubaki mgonjwa kwa hiari yake. Kuogopa si ugonjwa. Na pole unayoila peke yako, yuko mtu mahali inamkondesha.

Ngano yangu imefika kizingitini, na mimi naifuata. Nipeni fimbo yangu. Si hiyo, huo ni ufagio.

Mwanamvua, mguu huo ulifunguliwa plasta mwezi uliopita. Juzi nilipita dirishani nikakuona unamfukuza jogoo, unaruka na hicho kiatu mkononi. Sikusema kitu. Mimi si mtu wa maneno.

Nje barazani amekaa Shemsa, yule mwenzio wa karate aliyekuvunja mguu huo kwa teke. Amekaa tangu alasiri. Nguo zake nyeupe zimekunjwa mapajani, na hajazivaa tangu siku ile. Mama yake ndiye aliyeniambia. Kila akifika hapa anasema neno moja, na wewe unamjibu neno moja, anarudi kwao. Leo ataingia atalisema tena. Mimi sitakuwapo. Sitaki kujua utajibu nini, usinijibu mimi, mimi sikukuvunja.

Nyinyi wa mlangoni, tokeni wote. Wote! Hata wewe.

Shemsa, inuka. Pita. Usinishike mkono, mimi si mzee. Pita ndani.

Mlango naufunga mwenyewe, kwa nje. Ba!